Mawe ya Mizani Hayawekwi Chumvini

Msimu wa korosho ukiwadia mkoani Mtwara, tangu Newala na Tandahimba juu ya uwanda wa Makonde hata vijiji vya ukingoni mwa Ruvuma vinavyotazamana na Msumbiji, hakuna chombo kinachotazamwa na macho mengi kuliko mizani. Mkulima aliyepalilia shamba, akapuliza salfa, akaokota, akaanika na kuchambua, huleta gunia lake mbele ya karani wa chama cha msingi, na kwa dakika chache jasho lake la mwaka mzima hugeuzwa hesabu. Hesabu huandikwa katika stakabadhi, korosho hupelekwa ghala kuu na kunadiwa, na kitakachorudi mikononi mwake baada ya makato kimekwisha kuamuliwa pale penye mizani. Utaratibu wa stakabadhi ghalani, uliotangulia kutumika katika mkoa huu mwaka 2007, ulikusudiwa kumkinga mkulima na walanguzi, lakini hapana utaratibu uliobuniwa na wanadamu uwezao kuvizuia vidole visiguse kipimo. Wako makarani waliopunja kilo. Wako wakulima waliotia kokoto na korosho mbovu chini ya gunia wakapanga zilizo safi juu. Na kila mwaka, katika miezi ya ukata iliyo kabla ya mavuno, mnunuzi wa kangomba hupita nyumba kwa nyumba akinunua, kwa bei ya kutupa, korosho ambazo bado zi mtini, kwa mtu ambaye watoto wake hawajala.

Ukiwauliza watu hawa mmoja mmoja, hutampata anayeisifu hadaa. Watakujibu kwamba maisha ni magumu, kwamba ada ya shule haingoji, kwamba mwenye kusema kweli hulala njaa na mwongo akajenga nyumba ya bati. Na jawabu hilo, kwa kuwa lina chembe ya ukweli ndani yake, halistahili kudharauliwa. Waislamu wa pwani hii wanaijua Sura ya Al-Mutaffifin na kisa cha Nabii Shuaibu na watu wa Madyani waliopunja vipimo. Wakristo wanasoma amri ya mizani ya haki katika Torati, kitabu cha Walawi na cha Kumbukumbu. Lakini wako watu ambao amri hiyo hiyo ya Torati iliwafikia mwanzo, nao ni Wayahudi, ambao kwa muda wa karne nyingi wengi wao walikuwa mafundi, wachuuzi na mabazazi, waliosimama nyuma ya mizani siku zote za maisha yao. Naandika habari zao kwa sababu hawakuliacha shauri hili katika dhamiri ya mtu peke yake, bali walilishusha mpaka kwenye kamba, povu na chumvi. Na wakati huo huo hawakuthubutu kumwambia fukara kwamba ufukara wake ni fadhila.

Tuanze na chumvi, ambayo mtu yeyote aliyekaa karibu na mashamba ya chumvi ya pwani yetu ataifahamu upesi. Katika Talmudi ya Babeli, ule mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi, yaani wanazuoni wa Kiyahudi, juu ya sharia, imekatazwa mfanyabiashara kuyaweka mawe yake ya mizani ndani ya chumvi, kwa kuwa chumvi huugeuza uzito. Mahali hapo hapo imekatazwa kumpimia ndugu mmoja shamba lake la urithi wakati wa kiangazi na mwenziwe wakati wa mvua, kwa kuwa kamba ya kupimia hubadilika urefu ikikauka na ikilowa. Na imekatazwa kumimina kinywaji kwa namna ya kukitoa povu, mnunuzi akajaziwa hewa badala ya mvinyo. Mishna, kitabu chao cha sharia kilichokusanywa karibu mwaka 200, inamwagiza mwenye duka asafishe vibaba vyake mara mbili kwa juma, apanguse mawe yake mara moja kwa juma, na afute kitanga cha mizani kila baada ya kupima, ili mabaki ya mnunuzi wa kwanza yasimlie haki mnunuzi wa pili. Tena inakataza kuchekecha nafaka iliyo mdomoni mwa pipa peke yake, ikapendeza machoni na chini yake yakabaki makapi, na kukipaka rangi chombo kikuukuu ili kionekane kipya. Sioni haja ya kueleza jambo hilo la pipa linavyofanana na gunia lililopangwa korosho safi juu.

Marabi walikwenda mbali zaidi, mahali ambapo mimi, nilipopasoma kwa mara ya kwanza, nilistaajabu: hairuhusiwi hata kukiweka nyumbani kipimo kilichopungua, ijapokuwa mwenyewe amekifanya chombo cha haja ndogo ya usiku. Hoja yao ni nyepesi na yenye busara. Nyumba ina wageni na watoto. Siku moja mtu asiyejua atakiokota, atakioshea kisimani na kupimia nafaka, na dhuluma itatendeka bila ya dhalimu kuwapo. Na Rabban Yohanan ben Zakkai, aliyeishi siku zile Hekalu la Yerusalemu lilipoangamizwa mwaka 70, alipofikia kuzieleza hila za wenye mizani alishikwa na dhiki ya mwalimu: akizitaja, wadanganyifu watajifunza kwake hila ambazo hawakuwa nazo, akizinyamazia, watasema kwamba wanazuoni ni wajinga wa mambo ya sokoni na kwa hiyo hapana wa kuogopwa. Mwisho alizitaja. Naamini alifanya vyema, kwa kuwa mwizi wa mizani hula katika ujinga wa wengine, na anayeufichua ujinga huo humnyang'anya sahani yake.

Haikutosha kwao kulinda uzito. Walilinda na bei pia. Mwenye kuuza kwa kuzidisha sudusi moja juu ya bei ya soko anapaswa kuirudisha ziada ile. Akipita sudusi, aliyeonewa anaweza kuuvunja mkataba wenyewe. Walikataza hata kumwuliza mchuuzi bei ya kitu hali huna nia ya kununua, maana umemwinua moyo wake bure. Lakini linalonigusa zaidi, nikikumbuka miezi ya ukata katika vijiji vyetu, ni lile katazo la kumpa mtu fedha leo kwa mazao atakayoyaleta baadaye, kwa bei iliyokatwa kabla bei ya soko haijajulikana, isipokuwa muuzaji awe na mazao hayo tayari. Walilihesabu jambo hilo kuwa jamaa ya riba, kwa kuwa faida ya mwenye fedha haitoki katika biashara bali katika njaa ya mwenzake inayomlazimu asingoje. Hiyo ndiyo kangomba, imeelezwa na kuzuiwa katika lugha nyingine, na watu wasiopata kuuona mkorosho.

Hapo mtu mwenye insafu atauliza, na mwenye njaa ale nini katika miezi ile? Kumkataza fukara asiuze na kumwacha na watoto wake ni nusu ya uadilifu, na nusu hiyo ndiyo iliyo rahisi. Marabi walilijua hilo. Walifaradhisha kila mji uwe na kasha la sadaka, michango yake ikusanywe na watu wawili pamoja, ili asiwepo wa kushukiwa, na igawiwe na watatu kama baraza la hukumu, kila Ijumaa, kwa kadiri ya mahitaji ya kila nyumba. Sharia ya mizani na sharia ya kasha zilikuwa nguo moja. Nchini kwetu twapenda kuitangaza ile ya kwanza kwa vipaza sauti na kwa faini. Mwaka 2018 Serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaletwa kuzisomba, na walioshukiwa kuwa wa kangomba wakahojiwa mashamba yao yako wapi. Kumwuliza mtu shamba lake ni haki, lakini sikusikia wengi waliouliza ni nini kilichomfanya jirani yake aziuze korosho zake mwezi wa sita.

Wala asidhani msomaji kwamba dini hii inayadharau maisha ya starehe. Katika mafundisho ya marabi hapana Torati mahali pasipo na unga. Baba asiyemfundisha mwanawe kazi amehesabiwa kana kwamba amemfundisha unyang'anyi. Na dhiki ya umaskini imetajwa miongoni mwa mambo yanayomwondolea mtu akili yake. Mali ni neema na kuitafuta ni halali. Tena walitenga waziwazi kati ya kuokoa roho na kuokoa mali: kwa ajili ya uhai wa mtu karibu amri zote huwekwa kando, ila tatu, yaani ibada ya sanamu, zinaa na umwagaji wa damu, lakini kwa ajili ya faida hapana hata moja iwekwayo kando. Hata uongo mdogo wa kupatanisha waliogombana au wa kumsifia bwana arusi uzuri wa mkewe waliupatia nafasi, lakini uongo wa kuongeza fungu la fedha hawakuupatia.

Mambo haya hayakubaki vitabuni, na bahari iliyo mbele yetu ni shahidi. Katika sinagogi la Ben Ezra, huko Fustat, Misri, palikuwa na chumba cha kutupia makaratasi, kwa kuwa Wayahudi hawaruhusu maandishi yenye jina la Mungu kutupwa jaani. Na mwaka 1896 na 1897 mwanazuoni Solomon Schechter alichukua sehemu kubwa ya hazina ile akaipeleka Cambridge. Ndani yake zilipatikana barua za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi wa karne ya 11 na ya 12, zilizoandikwa kwa Kiarabu katika herufi za Kiebrania, kama babu zetu walivyoandika Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Mmoja wao, Abraham Ben Yiju, mtu wa Mahdia katika Tunisia, alikaa miaka mingi Mangalore katika pwani ya Malabari akinunua pilipili, iliki na chuma kwa niaba ya wenzake wa Aden, nao wakimwuzia bidhaa zake na kumletea karatasi na sukari. Mara nyingi hawakulipana ujira. Kila mmoja alikuwa wakala wa mwenzake, na kilichowafunga ni amana tu, maana barua moja ilingoja pepo za msimu kabla haijajibiwa, na mtu aliyekaa Aden hakuwa na njia ya kuona mizani ya Mangalore ilivyoegemea. Wakala mmoja wa huko Malabari alipopokea fedha ya iliki asiilete, shauri lililotolewa ni kutishwa kutangazwa jina lake; na kwa watu wa biashara ya amana hilo lilitisha kuliko gereza.

Lakini nisiwape wasomaji picha ya kwamba ukweli huleta faida sikuzote, kwa maana bahari hiyo hiyo ilikanusha. Musa bin Maimun, anayejulikana Ulaya kwa jina la Maimonides, aliyezaliwa Cordoba na kufa Misri mwaka 1204, alilelewa katika wasaa na ndugu yake Daud aliyefanya biashara ya vito. Daud alizama katika Bahari ya Hindi, na pamoja naye ikazama mali yake, mali ya nduguye na amana za watu wengine. Musa aliugua karibu mwaka mzima kwa huzuni. Alikuwa mwanazuoni mkubwa kuliko wote wa zama zake, na jamii yake ingemlisha kwa furaha kama angekubali kuifanya elimu ya dini kuwa shamba la kuvunia. Hakukubali, kwa kuwa aliona kwamba mwenye kula kwa Torati huishia kuifasiri kwa kadiri ya tumbo lake. Alishika utabibu. Katika barua ya mwaka 1199 aliyomwandikia mfasiri wake Samuel ibn Tibbon alieleza jinsi alivyokwenda kila siku asubuhi kwenye kasri ya Sultani mjini Cairo, akarudi Fustat mchana ana njaa, akakuta ukumbi wake umejaa wagonjwa, Waislamu na Wayahudi, wakuu na wanyonge, akawatibu mpaka usiku akiwa amelala chali kwa uchovu. Huyo ndiye aliyeziandika upya sharia za vipimo katika kitabu kikubwa cha fikhi yao, na nadhani ni halali kuzisoma tukikumbuka hali yake.

Pana daraja lililo juu ya sharia, na marabi walilisimulia kwa visa. Cha Shimon ben Shetach, aliyenunuliwa punda kwa Mwarabu na wanafunzi wake wakakuta lulu imefungwa shingoni mwa punda huyo, kinasimuliwa sana. Aliirudisha, akisema kwamba alinunua punda hakununua lulu. Mimi napenda zaidi kile cha Rav Safra, kwa kuwa hakikuwa na mtu wa kukishuhudia. Alikuwa na kitu cha kuuza, akajiwa na mnunuzi aliyetaja bei naye yumo katika sala, hawezi kujibu. Moyoni aliridhika na bei ile. Mnunuzi, akidhani kwamba kimya kile ni kukataa, akapandisha, akapandisha tena. Na Rav Safra alipokwisha sala yake hakupokea ila bei ya kwanza, kwa kuwa ndiyo aliyokwisha kuikubali mbele ya Mungu. Hakuna hakimu ambaye angemhukumu kwa kupokea zaidi. Hakika hata mnunuzi asingenung'unika.

Na kisa cha tatu ni cha mahamali, ambao bandari yetu na stendi zetu zinawajua. Mwanazuoni mmoja wa Babeli aliajiri watu wamchukulie mapipa ya mvinyo, nao wakayavunja. Akawanyang'anya mavazi yao kuwa fidia. Walikwenda kushtaki kwa Rav, aliyekuwa mkubwa wa wanazuoni wa nchi ile. Rav akaamuru warudishiwe mavazi. Yule tajiri akauliza kama hiyo ndiyo sharia, akaambiwa ndiyo, kwa kutegemea Mithali za Sulemani zinazomwagiza mtu aende katika njia ya watu wema. Ndipo mahamali wakasema kwamba wao ni maskini, wamefanya kazi mchana kutwa, wana njaa na hawana kitu. Na Rav akaamuru walipwe na ujira wao. Tajiri akauliza tena kama hiyo nayo ni sharia, akaambiwa ndiyo. Kisa hiki kinageuza lile jawabu la kwamba maisha ni magumu, likamwelekea mtu mwingine: ugumu wa maisha ya hamali haukumpa yeye ruhusa ya kudanganya, lakini ulimwondolea tajiri ruhusa ya kushikilia haki yake yote. Katika mazungumzo yetu ya sokoni neno hilo hutajwa na mwenye dhiki akijitetea. Ni nadra kusikia likitajwa na mwenye nafasi akijizuia.

Karibu nasi wako Wayahudi ambao hawakutoka ng'ambo ya bahari yoyote, nao ni Abayudaya wa Mbale, mashariki ya Uganda. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha nchi ile na asipate ufalme alioutumaini, alisoma Biblia kwa bidii, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe akajihesabu Myahudi, hata akafa mwaka 1928 hali ameiacha jumuiya ndogo isiyokuwa na mlezi wala mfadhili. Idi Amin alipotawala, tangu 1971 hata 1979, ibada yao ilipigwa marufuku. Wengi waliingia dini nyingine, na waliobaki walikuwa mamia machache wakisali kwa siri. Siwalaumu walioondoka, maana aliyechagua chini ya bunduki hakuchagua starehe. Majaribu ya starehe yalikuja baadaye, kwa njia ya kahawa, ambayo katika miteremko ya Mlima Elgon ilinunuliwa na walanguzi kwa bei iliyowafanya wakulima wakate tamaa. Kila mmoja angeweza kujitafutia njia ya peke yake. Mwaka 2004 mkulima mmoja wa jumuiya ile, J. J. Keki, ambaye pia ni mwanamuziki, alipita nyumba kwa nyumba, kwa Waislamu na Wakristo kama kwa Wayahudi wenziwe, akawashawishi waunde ushirika mmoja, nao wakauita Peace Kawomera. Wakauza kahawa yao kwa bei ya haki kwa kampuni ya California inayoitwa Thanksgiving Coffee. Ushirika wa namna hiyo hauwezi kusimama siku moja ikiwa Mwislamu anashuku mizani ya Myahudi, au mnunuzi aliye ng'ambo anakuta punje mbichi ndani ya gunia.

Limesalia jambo la yule aliyekwisha kupunja. Marabi walisema kwamba dhambi ya vipimo ni nzito kuliko zinaa, si kwa uchafu wake bali kwa sababu toba yake haina mlango: mwenye kumwibia mtu mmoja anajua amrudishie nani, lakini karani aliyekata nusu kilo kwa kila gunia ameiba kwa watu asiowajua majina, na baadhi yao wamekwisha kufa. Hukumu yao ni kwamba awarudishie kwanza wale anaowakumbuka. Kwa waliobaki afanye kazi ya manufaa ya umma, na Rav Hisda alipoulizwa ni kazi gani, alitaja visima, mifereji na mashimo ya kuhifadhia maji. Hukumu hiyo inaeleweka upesi juu ya uwanda wa Makonde, ambako wanawake wa Newala kwa vizazi vingi wameteremka genge lile refu kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Kisima hakimchagui anayekunywa, kwa hiyo huwafikia walioibiwa na wana wao bila ya kuulizwa majina. Lakini marabi hawakusema kwamba kisima kinafuta deni la wale wanaojulikana, na toba ya mwenye mizani, hata akichimba, waliendelea kuiita toba ngumu.